Makaburi Yalibandikwa Godauni

Kijiji chenyewe sijawahi kukikanyaga, na sidhani kama nitakikanyaga, lakini nakijua kuliko ninavyoujua mtaa wa Xiaobei ninakoishi, huku Guangzhou, China. Kiko Ujerumani, katika bonde jembamba lenye kijito katikati na msitu juu ya vilima vya pande zote mbili. Nilikitengeneza kwa mbao nyembamba, sponji ngumu na gundi, juu ya meza yenye ukubwa wa kitanda cha mtu mmoja, nikiwa nimechoka muda wote.

Karakana ninayofanyia kazi hutengeneza modeli za majengo. Nyingi ni za maghorofa ambayo bado hayajajengwa, ili wanunuzi wayaone. Mimi nililetwa Guangzhou na shangazi yangu nimsaidie kuchagua nguo kwenye soko la jumla la Shahe. Kazi ya modeli nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikitazama video huku nimekaa juu ya marobota. Sina cheti, sina mwalimu. Aliyejifunza peke yake hajui ni kipi asichokijua, kwa hiyo mimi hupima kila kitu, na nikimaliza napima tena. Bosi alinipa kijiji kile kwa sababu Kiingereza changu kinatosha kuongea na mteja. Ilikuwa modeli ya kwanza kuachwa mikononi mwangu. Niliamini nikikosea kitu kimoja tu, wote watajua kwamba sikustahili kuwa pale.

Mteja alikuwa mzee mstaafu aliyezaliwa kijijini hapo. Modeli ingewekwa kwenye darasa la shule yao ya zamani, iliyofungwa kwa kukosa watoto. Alitaka kijiji kilivyokuwa utotoni mwake, si kilivyo leo. Alinitumia ramani kuukuu na picha, kisha akawa ananipigia simu na kunieleza polepole, kama mtu anayetembea na mgeni.

Kwenye ramani, mashamba yalikuwa kama kanga iliyochanwa vipande virefu, vyote vikishuka kutoka msituni hadi kijitoni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kila baba alipofariki watoto waligawana sawasawa, na watoto wao wakagawana tena, mpaka ng'ombe wa kulima wakakosa pa kugeukia. Baadaye sana serikali ikayaunganisha. Nilicheka bila kutaka. Kwetu Kilimanjaro kihamba, shamba la migomba la ukoo, kimekatwa vivyo hivyo, na kipande cha baba yangu unaweza kukivuka wakati unamalizia kusalimia. Hata nyumba zao za zamani sikuziona ngeni: mbao zilizokatizana, na katikati udongo uliokandwa na majani makavu. Kengele za kanisa zilichukuliwa wakati wa vita, zikayeyushwa. Vijana wakahamia mjini kwenye viwanda. Mzee alisimulia haya yote kwa sauti ileile, kama anayetaja vituo vya treni.

Nyumba ya mwokaji mikate niliing'oa mara nyingi kwa sababu paa lilionekana kwangu limeinama. Nilipolinyoosha kabisa nikamtumia mzee picha. Akajibu kwamba paa lile lilikuwa limeinama kweli, kijiji kizima kililitania. Siku ile sikula mchana.

Kisha tukafika kwenye makaburi. Kanisa liko kwenye mwinuko katikati ya kijiji, na makaburi yamelizunguka ndani ya ukuta wa mawe. Mzee alikuwa na ombi moja. Dada yake alifariki akiwa mtoto, akazikwa karibu na ukuta wa kaskazini. Kaburi hilo halipo tena. Kwao kaburi lina muda wake. Ukiisha na familia haikuomba uongezwe, jiwe huondolewa na mahali hapo hupewa mwingine.

"Mama alikuwa ameshaanza kusahau mambo," alisema, "na mimi nilikuwa mbali. Kwenye modeli, tafadhali, jiwe lirudi."

Nikamwambia litarudi. Sikumuuliza bosi kwanza.

Bosi wetu ni mama wa hapahapa Guangzhou, mpole, ila nilipomweleza hakuacha hata kuosha kikombe chake.

"Makaburi hayatengenezwi humu ndani," alisema.

"Ni sehemu ya kijiji, bosi."

"Weka bustani. Weka miti mizuri. Nani anaweka wafu katikati ya nyumba za watu?"

"Sisi," nikasema. "Kwetu babu yuko nyuma ya jiko, kwenye migomba."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari za chakula alichokwisha kumeza. Mwenzangu anayekata miti ya plastiki alisogeza kiti chake mbali nami. Bosi akasema wanunuzi wa nyumba huingia humu, na hakuna anayenunua nyumba aliyoonyeshwa karibu na makaburi. Nilisimama pale nikirudia tu kwamba nimeshaahidi. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Kikishatoka mlangoni si changu. Ukitaka kuzika, zika huko nje."

Basi mawe niliyachonga chumbani kwetu Xiaobei, kwa kadibodi, kila moja dogo kuliko punje ya mchele. Shangazi aliingia na sufuria.

"Unatengeneza nini hapo?"

"Makaburi."

"Ya nani tena?"

"Ya Wajerumani, shangazi."

"Basi Wajerumani wahame mezani, mwanangu. Ugali huu hauliwi matangani."

Lakini tulipomaliza kula aliniuliza la yule mtoto ni lipi. Nikamwonyesha kwa ncha ya kibano. Alivaa miwani, akainama kwa muda.

"Halionekani. Lifanye kubwa kidogo."

"Siwezi. Kipimo hakiruhusu."

"Kipimo hakijafiwa," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Nikalichonga upya, kubwa kidogo. Ndicho kitu pekee katika kijiji kizima ambacho hakiko kwenye kipimo, na hadi leo kinaniwasha.

Kreti yenye kijiji ilikuwa imeshafika godauni la kampuni ya mizigo, kifuniko bado wazi. Nilipanda juu ya boksi, nikainamia kijiji na kibano. Jamaa wa Dar anayefunga mizigo akaja.

"Oya fundi, unafanya nini humo?"

"Nazika."

"Poleni wafiwa," akasema kwa sauti, na wabeba mizigo wakacheka. "Mbona hamkutangaza? Tungechanga."

Ila alipoona feni inapeperusha mawe, alikwenda kuizima mwenyewe. Joto la godauni lile silitaki tena. Akasimama kando yangu na taa ya simu yake, jasho likimtiririka, mpaka nikabandika la mwisho, kando ya ukuta wa kaskazini.

Kisha nikampigia mzee simu ya video. Kwao ilikuwa asubuhi. Nilitaka alione jiwe na aniambie kama ndipo, maana picha ya eneo lile haikuwepo, nilifuata maelezo yake tu. Niliingiza simu polepole kutoka upande wa kijito. Nilikuwa bado kwenye nyumba ya mwokaji, paa limeinama vizuri, aliposema, "Ndiyo. Hapo hapo. Asante."

"Bado sijafika kanisani," nikasema.

"Hapo hapo," akarudia, sauti imeshuka, na mtandao ukakatika. Nilimpigia tena, hakupokea.

Labda picha ilikuwa imekwama, akadhani nimeshafika. Labda hakutaka kuonyeshwa zaidi. Sijui kama aliliona.

"Tufunge?" jamaa akauliza.

Gundi ilikuwa bado mbichi. Ningeweza kulisogeza jiwe lile kushoto kidogo, au kulia. Nilikishika kibano mpaka vidole vikauma.

"Subiri ikauke," nikasema.

Akakaa juu ya robota, nami nikakaa kando yake. Ilipokauka akawasha feni, na wabeba mizigo wakagongelea kifuniko.