Jumapili Jeti ya Kinindo Ilipokataa Kuzima

Watu wanaojisifu hunichosha, lakini kuna siku moja ambayo nitaisifu mpaka nizikwe. Ni Jumapili ile niliyompakia baba mkubwa nyuma yangu kwenye jeti, tukiwa juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, kanzu yake imeloa mpaka kifuani.

Jeti ni pikipiki ya maji. Unaikalia, unashika usukani, na mota iliyo chini ya kiti inavuta maji kwa chini na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Bujumbura ya miaka ya vita jeti zilikuwa chache, nyingi zikilala mtaa wa Kinindo kwenye nyumba zenye maua. Risasi zililia milimani, lakini Jumapili mchana watu wa mji walishuka ufukweni, wakala samaki wa ziwani, mukeke wa kuchoma, wakarudi nyumbani kabla ya saa ya kutotembea. Wageni walitushangaa. Sisi tulikuwa tumechoka kuogopa kila siku.

Marehemu baba alikuwa na garaji mtaa wa Cibitoke, na mimi nilikulia humo. Wenzangu walijifunza kusuka nywele, mimi nikajifunza kufungua kabureta. Baba alipofariki, kaka yake, baba mkubwa, alitia ufunguo wa garaji mfukoni mwa kanzu. Akatangaza kwamba arobaini ikipita, garaji itakwenda kwa binamu yangu, bingwa wa kuosha magari na kupiga domo.

"Mi nimetumika kazi na baba miaka yote," nikamwambia. "Ule anajua nini?"

"Ule ni mwanaume. We utaolewa. Garage apana kazi ya mwanamuke."

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Kila spana pale ilikuwa na alama ya baba, aliyoichonga mwenyewe kwa msumeno. Nilikuwa nimeshampoteza mara moja, na sasa walitaka nimpoteze tena.

Katikati ya ugomvi huo alikuja mama mmoja wa Kinindo, muuza vitenge, ambaye mume wake alifanya kazi ng'ambo na kumwachia jeti. Ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Ilianza safari vizuri, ikafika mbali na ufukwe, halafu nguvu zikaisha ghafla na mota ikazima. Ukihangaika nayo kidogo, inawaka tena kama haijawahi kuugua. Binamu yangu alikuwa amebadilisha plagi na kuosha kabureta. Garajini ilinguruma, ziwani ikazima. Safari ya mwisho mkondo ulimbeba huyo mama mpaka wanajeshi waliolinda ufukwe wakamrushia kamba, pamoja na matusi.

Baba mkubwa alitaka kunifunga mdomo. "Ukitengeneza hii," akaniambia, "ufunguo ni wako."

"Mama, umesikia?" nikamuuliza yule mama.

"Nimesikia," akajibu. "Na niko na masikio mazuri."

Jumapili nilivaa ovaroli ya baba, nikafunga mtandio kwa mafundo mawili, tukakutana ufukweni watu watatu: mimi, baba mkubwa na yule mama. Nilianza na tumbo la jeti, pale inapovutia maji. Majani ya ziwa yakikwama hapo, mota hulia sana lakini chombo hakiendi. Niliingiza mkono mpaka kiwikoni, palikuwa safi. Nikafungua plagi. Zingekuwa nyeusi na zimeloa, ningesema mota inakunywa petroli kupita kiasi. Zilikuwa kavu, nyeupe. Huyu mgonjwa alikuwa na njaa. Petroli ilikuwa haimfikii, ingawa tangi lilijaa na chujio lilipitisha vizuri.

Nikajua kwa nini garajini haugui. Nchi kavu mota ya jeti haina maji ya kuipoza, kwa hiyo unaiwasha kidogo tu na kuizima. Ugonjwa huu ulihitaji muda. Basi nikaisukuma majini, nikapanda peke yangu.

Ilikwenda kwa raha, na kwa kitambo nilisahau kila kitu. Halafu ikakohoa, ikalegea, ikazima. Mkondo ukaanza kunivuta kuelekea upande tuliokatazwa. Askari mmoja akapiga filimbi, akainua mkono wake na bunduki ikainuka nao. Nilifungua mfuniko wa tangi nione kama petroli ipo, kama alivyofanya kila mtu kabla yangu.

Tangi likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, mpaka likashiba.

Nikacheka peke yangu pale majini. Tangi lazima liingize hewa kadiri petroli inavyotoka, na lina kipira chembamba, kama mrija, cha kupumulia. Hili lilikuwa limebanwa pumzi. Mota ilifyonza mpaka ikashindwa, na kila aliyefungua mfuniko kuchungulia aliliponya bila kujua, kisha akaufunga tena. Niliwasha, nikarudi ufukweni, nikakifuata kile kipira kwa vidole mpaka mwisho wake. Kilizibwa kwa sabuni ya kufulia, imekauka kama jiwe.

Nani Bujumbura asingeielewa sabuni ile? Mafuta yalipoadimika, kila mwenye petroli aliificha ndani ya nyumba, chini ya kitanda au bafuni, na harufu ndiyo iliyokutangaza kwa majirani na kwa wezi. Tulipaka sabuni kwenye vifuniko vya madumu. Kwetu tulifanya hivyo hivyo.

Nikamwonyesha yule mama. Akashika kiuno.

"Ni mi," akasema. "Jeti ililala kando ya chumba cha batoto, essence inanuka mupaka njiani. Nikaziba. Nikasahau kabisa."

Nilikata ile ncha, nikapuliza, hewa ikapita. Baba mkubwa alikuwa amesimama mbali na maji, viatu mkononi.

"Itazima tena," akasema.

"Panda basi, ba mukubwa. Ikizima, garage ni ya ule mwingine."

Alimtazama yule mama, na yule mama akamtazama na masikio yake mazuri. Akapanda. Nikampeleka mpaka pale iliponizimikia, nikapapita, nikageuza, nikapapita tena. Aliniminya mbavu na kuvuta istighfari sikioni mwangu. Upepo ukamvua kofia. Alipoomba turudi nikazunguka mara nyingine, kwa sababu nilikuwa na furaha na sikuona haya kuwa nayo. Mota haikukohoa hata kidogo.

Ufukweni alikamua kanzu, akatoa ufunguo mfukoni, akanipa. Ulikuwa umeloa. Nikageuka kando, nikamlilia baba, kilio cha kwanza tangu mazishi kilichonipa nafuu.

Kesho yake nilifungua garaji mapema. Baba mkubwa akaja na kofia mpya, akavuta kiti mlangoni. Mteja mmoja mwenye lori akaingia, akanipita kama sipo, akamsalimia yeye na kumwuliza fundi yuko wapi.

Baba mkubwa akaninyooshea kidole.

"Fundi njo huyu," akasema. "Mi niko mugeni."