Utepe wa Kisima cha Wamaza

Wananchi wa Wamaza, mliopo pamoja na mliokimbilia dhahabu huko Lusangi, mnatangaziwa rasmi ya kwamba Mama Hidaya binti Sumaili ametimiza mwaka wa pili katika kiti cha Prezida wa Komite ya Kisima. Kiti chenyewe ni kigoda. Komite yenyewe ni yeye.

Alichaguliwa kwa kuwa fomu ya mradi ilitaka mwanamke, na siku ile wanawake wengine walikuwa shamba. Wakubwa wa mradi wakamkabidhi ufunguo wa pompi, wakaizungushia utepe mwekundu, wakasema hata tone lisitoke kabla ya uzinduzi. Hidaya akaapa mbele ya imamu. Wakubwa wakapanda magari yao, wakaenda. Wajumbe wenzake nao wakaenda, machimboni.

Wiki ya tatu akaja Asma, jirani yake, na bidoni tupu ya maji. Miaka ishirini walikuwa wakienda mtoni pamoja, wakiwasengenya waume zao njia nzima mpaka kilima kinakuwa kifupi.

"Dada, fungua kidogo. Mugongo inaniuma."

"Bado uzinduzi, Asma. Niliapa."

"Uzinduzi ndio iko na kiu, ao mimi?"

"Ngoja tu. Watakuja."

"Haya, Mama Prezida. Bakia na maji yako."

Tangu hapo Asma hupita asubuhi na wenzake, kicheko kikikatika mbele ya mlango wa Hidaya na kuanza tena hatua kumi mbele. Hidaya husubiri warudi wote, ndipo naye achukue bidoni yake. Mvua ilipokula utepe, alikata pindo la mtandio wake wa arusi, akafunga mwingine. Siku za mkutano hufagia pale kisimani, hukaa kwenye kigoda, na mbuzi huhudhuria bila kukosa. Ufunguo, uliofungwa kwenye kikwembe anachojifunga, umeshamchora alama kiunoni.

Juma lililopita pikipiki ikaunguruma. Hidaya akafungua fundo la kikwembe, akatoa ufunguo. Alikuwa Gédéon, kijana wa mradi, peke yake, bila mkasi.

"Mama Prezida, uzinduzi iko njiani. Wafadhili wanataka ushuhuda kwanza."

Akamsimamisha mahali utepe unapoonekana vizuri nyuma yake, akainua simu.

"Useme, mama. Hii kisima imebadilisha nini mu maisha yako?"

Hidaya akaurudisha ufunguo kwenye kikwembe, akafunga fundo.

"Zamani nilikuwa naenda mtoni na Asma," akasema. "Sasa naenda peke yangu."