Ukiitwa Porini

Nilipokuwa mtoto, kaskazini kulianzia pale daraja la Nyali lilipoishia. Kwetu Kuze, mjini Mombasa, nyumba zilibanana, na mtoto akipotea jirani alimrudisha kabla mamake hajajua kuwa ametoka. Ng'ambo ya daraja, kwa nilivyodhani, hakukuwa na jirani.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, Babu na Bibi walikuja kutoka Lamu ili Babu akatazamwe kifua. Dawa alipewa, kikohozi hakikuondoka. Kabla ya kurudi kwao akaomba jambo moja tu: aonyeshwe tena shamba alilolima ujanani, kule vichakani nyuma ya Takaungu. Baba alikuwa karani bandarini, na Jumapili ndiyo siku pekee aliyopumzika. Hakukataa. Aliazima pikapu kwa mwenzake wa kazini, mtu wa bara, akawakalisha wazazi wake mbele. Mimi na mdogo wangu Rukia, aliyekuwa na miaka sita, tukapanda nyuma.

Njia ya gari ilipokatika tuliteremka, na Bibi akatuita karibu.

"Sikizeni, wanangu. Huku kuna wenyewe. Ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike. Ukiitika, wamekupata."

"Hata nikiitwa na Baba?" Rukia akauliza.

"Sauti ya babako ndiyo watakayoitumia. Ya mgeni watafanyia nini?"

Baba akacheka, kicheko cha mtu asiyelala vya kutosha. "Mama, leo hawa watataka kulala kitandani kwangu."

Shamba halikuwepo tena. Palikuwa na miiba, na nyasi zilizonizidi kimo. Babu alitangulia kutafuta kisima alichokichimba na ndugu zake. Kila mara alisimama, mkono kiunoni, akijifanya anatazama miti. Kisima tulikikuta wazi, ukingo wake umebomoka. Baba akageuka amwambie Rukia asikaribie, na Rukia hakuwa nyuma yetu.

Baba aliita mara moja kwa sauti ya kawaida. Kisha akaita mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyejibu. Nilimwona akilala kifudifudi ukingoni, akichungulia chini kwenye maji meusi yenye majani makavu, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kama kuna kitu au hakuna.

"Usimwite kwa jina, Athmani," Bibi akamwambia Baba. "Unawafundisha jina lake."

Baba akainuka, kifua kimejaa vumbi. Sijapata kumwona akimtazama mamake vile, kabla ya siku hiyo wala baada yake. "Nimwiteje basi, Mama?"



Babu alikuwa ameketi chini, anahema. Akajikokota akasimama, akaelekea kibla, akaweka mikono masikioni.

"Baba, ngoja kwanza tumtafute mtoto," Baba akasema.

"Alasiri imeingia," Babu akasema. "Na mimi kukimbia siwezi."

Akaadhini. Sijasikia adhana iliyochoka namna ile. Kikohozi kilimkatiza katikati ya maneno, akameza mate, akarudia neno, akaendelea. Hakuwa amemaliza Rukia alipotokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, miguu imechanjwa na miiba, ndara moja haipo.

Baba alimkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Kisha akamwuliza, polepole, "Hukunisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuitika?"

Rukia akamtazama Bibi. "Nilijua ni wao. Nikajificha. Lakini wao hawawezi kuadhini."

  Nilingoja Baba amgombeze Bibi, lakini hakufanya hivyo, wala hakulizungumzia jambo hilo tena mbele yetu.

Tulipofika kwenye gari Bibi alimpakata Rukia mbele. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni, nikamsikia akimwambia, "Babako akikuita, itika. Popote utakapokuwa."

"Na wakiwa ni wao?"

"Itika tu."

Nimesoma mengi tangu hapo, na nimegundua kwamba watu wengi wanaopakana na pori wana katazo kama hilo la Bibi. Sioni la kumcheka. Huenda lilimlinda yeye alipokuwa mdogo, akitumwa kuni peke yake, na waliojificha vichakani hawakuwa majini tu, bali na watu. Alitupatia alichokuwa nacho. Siku hiyo kilikaribia kutunyima mtoto.

Miaka mingi niliamini kwamba jioni ile Bibi aliacha imani yake. Sasa nina watoto wangu, na ninajua uchovu wa Baba, na siamini hivyo tena. Bibi hakuacha lolote. Alijua, kama alivyojua asubuhi, kuwa porini kuna wenyewe, na kuwa sauti ya mwanawe wanaiweza. Alimwambia mjukuu wake aitike hali akijua hivyo, kwa sababu alikuwa amemwona Baba juu ya kile kisima.

Njia nzima mpaka Mombasa Bibi aliinamisha kichwa juu ya Rukia, na hakumwachilia mkono. Mimi, nikimtazama kule nyuma kupitia kioo, nilidhani amechoka na safari.