Mechi ya Jumamosi Saa Kumi

Wateja walimwita Mama Lehemu, kwa kuwa hawakupata kumwona bila chuma cha kulehemu mkononi. Alikuwa fundi wa mashine za gemu, na chumba chake cha kazi alikigawana na fundi cherehani: huku waya na bodi za umeme, kule vitambaa na uzi. Siku zote alifanya kazi za watu. Wiki tatu hizi alikuwa akifanya yake.

Mezani ilikaa stiki yake ya kuchezea, boksi zito la bati lenye mkono mmoja wa kuelekeza na vitufe sita. Aliinunua siku ukumbi wa michezo ulipofungwa, ukumbi uleule alikokutana na aliyekuwa mumewe, wakigombea mashine moja. Kwa stiki hiyo alimfundisha binti yao gemu ya kupigana, mtoto akiwa mapajani. Ndoa ilipovunjika, binti alikwenda kuishi na baba yake, mji wa mbali, kwa ajili ya shule. Kilichobaki kati ya mama na mtoto kilikuwa mechi ya Jumamosi saa kumi jioni, kila mmoja kwake, kupitia mtandao. Kwenye simu binti alijibu "ndiyo, mama" na "sawa, mama". Kwenye mechi alimtania, alimtambia, alikuwa mwanawe.

Kisha kule wakanunua mashine mpya. "Na wewe nunua, mama. Ya zamani haiungani na yetu," binti aliandika. Akanunua, iliyokwisha kutumika. Lakini mashine mpya ikaikana stiki kana kwamba haijachomekwa. Na pedi za kawaida za kuchezea, zinazoelekezwa kwa kidole gumba, hakuziweza: kidole gumba cha kushoto kiliungua kazini zamani, hakikunjiki.

Basi akaifungua stiki. Akang'oa bodi ya zamani, akaagiza nyingine ndogo inayoelewana na mashine za kila aina, nayo ikachelewa kufika. Akahamisha waya mmoja mmoja, akipima umeme wa kila kitufe kwa mita. Jaribio la kwanza, alipobonyeza ngumi likatoka teke, na kulia kukawa kushoto. Akafumua, akaanza upya.

"Hicho kidude bado tu?" fundi cherehani alimuuliza. "Wiki tatu! Mimi hapa nimeshavisha shule nzima."

"Wewe ukikosea unafumua mshono, dada. Mimi nikikosea natoa moshi."

"Si umpigie tu simu huyo mtoto?"

"Kwenye simu tunasalimiana kama wapangaji waliopishana kwenye ngazi."

Jumamosi ya nne, saa kumi kasoro, vitufe vyote viliitika. Ujumbe ukatokea kwenye skrini, kwa jina la binti: "Uko tayari, mama?"

"Leo utalia," aliandika, huku akicheka peke yake.

Mpiganaji wa siku zote wa binti akaingia ulingoni, yule mwanamke mnene wa miereka mwenye kilemba chekundu. Mama Lehemu akashambulia. Ngumi zake zikakingwa, moja baada ya nyingine. Akafurahi: mtoto amejifunza subira. Zamani hakukinga kitu, alibonyeza vyote kwa pamoja na kupiga kelele. Kisha mwenye kilemba akapigwa, akarudi nyuma hatua mbili, akaruka. Akapigwa tena, hatua mbili, akaruka. Mkono wa Mama Lehemu ulikuwa ukimsubiri kulekule juu, kana kwamba unamfahamu. Raundi ya kwanza akashinda.

Ya pili akashindwa. Na mwenye kilemba, badala ya kutulia, akapiga teke la chini hewani, mara tatu.

Miaka ile ukumbini alizoea kumuuliza mumewe: "Panya gani huyo unayemfukuza kila ukishinda?" Mume mwenyewe hakuwahi kujua kwamba anafanya hivyo.

Fundi cherehani alisimamisha cherehani. "Vipi, umepigwa na mtoto?"

"Si mtoto."

"Nani sasa?"

Alirudisha macho kwenye skrini. Akilini alimwona aliyekuwa mumewe amekaa mbele ya skrini, na binti yuko nje na wenzake, au chumba cha pili, akiwa amekwisha kusema: Baba, mimi sitaki tena, mwambie wewe. Na baba ameshindwa kumwambia. Kama angefanya hivyo kwa kejeli, angalau Mama Lehemu angepata mtu wa kumchukia.

Raundi ya tatu ikaanza. Mwenye kilemba akasogea bila kujikinga, kifua wazi, ili mama ashinde na kufurahi. Mama Lehemu akaondoa vidole kwenye vitufe, akaipakata stiki.

Wapiganaji wakasimama wakitazamana, wakihema tu. Sekunde zikahesabika juu ya skrini. Upande wa pili nao haukugusa kitu. Mwanamume alikuwa ameelewa kwamba amejulikana. Hesabu ikafika sifuri bila mshindi.

Aliandika herufi moja moja. "Usimlazimishe. Na usimwambie kwamba nimejua."

Jibu likaja. "Nitaongea naye. Wiki ijayo atacheza mwenyewe."

"Mwache," aliandika, na kabla hajabadili nia akachomoa waya wa umeme.

Fundi cherehani alisogea, akaiinamia ile stiki. "Kimegoma tena?"

"Hapana, dada," alisema. "Kinafanya kazi."