Marahaba ya Marehemu Elisante

Mwaka 2005, ghala moja la nafaka mjini Dodoma lilikuwa limeshauzwa kwa mfanyabiashara, na kompyuta mpya, ya upana wa biti sitini na nne, ikawekwa mezani kwa Paskazia, mtunza kumbukumbu. Ile ya zamani, ya biti thelathini na mbili, ilikuwa ikizimika yenyewe kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Humo ndimo ilimokaa programu ya mizani aliyoiandika mumewe, Elisante, mzaliwa wa kijiji cha Haneti, kabla hajafariki.

Programu ile ilikuwa na adabu zake. Ukiifungua, haiendelei mpaka uandike "shikamoo", nayo hujibu, "Marahaba, karibu kazini." Wapakizi walicheka, lakini waliiamkia.

Paskazia alisoma sekondari ya wasichana ya Msalato, akafundisha hesabu miaka mingi, na uandishi wa programu alijifunza kwa mumewe. Akaikompaili programu kwenye mashine mpya, yaani akayageuza upya maandishi ya mumewe yaweze kuendeshwa humo. Ikakubali. Ila alipofungua kumbukumbu za mizigo iliyopokelewa nyuma, lori la mahindi la Kibaigwa lilionyesha uzito wa mlima, na jingine uzito chini ya sifuri.

Charles, meneja mpya, akaegemea mlango. "Mama Gladness, ndiyo hesabu aliyotufanyia marehemu miaka yote? Mahindi yenye deni!"

"Marehemu hakukosea, Charles."

"Basi mashine ndiyo mwongo. Jumatatu naleta programu ya Dar. Hii tuizike, mzee apumzike."

Ofisi nzima ikacheka. Neno la ofisini hufika kanisani kabla ya mwenyewe, na Paskazia hakuwa tayari kusikia kwamba Elisante aliwapunja wakulima.

Jumamosi alikuja peke yake. Watoto wake, Gladness na wadogo zake, walikuwa mbali, nyumbani hakuna aliyemngoja. "Ungekuwapo, ungenicheka," alimwambia Elisante, na sauti ikamrudia kutoka kwenye bati.

Alipolinganisha namba mbovu na zile za mashine ya zamani, akaona: kila namba mbovu ilikuwa malori mawili yaliyosomwa kama moja. Elisante alihifadhi kila uzito kwa kibaba, yaani biti thelathini na mbili. Mashine mpya ilichota kwa kisaga, vibaba viwili kwa mpigo, ikazoa na cha jirani; jirani akiwa mzigo uliorejeshwa, wenye alama ya kutoa, namba nzima ikashuka chini ya sifuri. Dawa ilikuwa kuiamuru ikompaili kwa upana wa zamani. Ikagoma, maana maktaba za upana ule, zile sehemu ambazo programu huziegemea, hazikuwamo. Akazitafuta kwenye diski za mfumo, akaziweka, akarudia. Lori la Kibaigwa likarudi kwenye uzito wake. Hakugusa hata mstari mmoja wa Elisante.

Jumatatu Charles alikuja na diski yake.

"Kaa," Paskazia alimwambia. "Mwamkie kwanza."

"Nimwamkie maiti?"

"Umwamkie aliyekutangulia."

Charles akaandika kwa kidole kimoja. *Marahaba, karibu kazini.* Akapitia mizigo ya zamani, lori kwa lori, kisha akairudisha diski mfukoni. "Haya, mama. Iendelee."

"Na mahindi yenye deni?"

"Hilo nililisema mimi. Nitalifuta mbele ya walewale."

Akalifuta, saa ya chai, na hakuna aliyecheka.

Jioni, wote walipoondoka, Paskazia aliifunga programu, kisha akaifungua tena. Enzi za uhai wa Elisante hakuwahi kumwamkia. Walikuwa rika moja. Akaandika "shikamoo", akalisoma jibu, akajitanda khanga na kwenda zake nyumbani, ambako hakukuwa na wa kumsimulia.