Kifua cha Gwakisa

Gwakisa wa Riverdale Park, Marekani, alikuwa na kipaji kimoja tu: mbio fupi. Shuleni kwao Tukuyu, mwalimu alimfundisha kwamba ukikaribia utepe wa kumalizia mbio unatanguliza kifua, hata kama roho inakutoka. Fundisho hilo lilimwingia mwilini, na ndilo lililomtia mashakani.

Marekani alikuja akapata kazi ya kuwatunza wazee. Siku moja, akipita uwanjani Beltsville, aliwakuta wanaume wazima wakigombea mpira wenye umbo la papai. Ulikuwa mpira wa Kiaustralia: unadakwa, unapasiwa kwa ngumi, na anayekimbia nao lazima audundishe kila baada ya hatua kadhaa. Ukawaponyoka, ukamjia. Akaudaka, akatimua mbio, wasimwone tena. Nahodha wao akamsajili kabla hajamuuliza jina.

Shida ilikuwa golini. Ukiupiga kwa mguu katikati ya milingoti, pointi sita. Ukivuka nao mkononi, moja. Gwakisa kila akiiona milingoti, aliona utepe. Kifua mbele, pointi moja. Msimu baada ya msimu.

Riadha nayo ikaingia doa. Kwenye bonanza la Watanzania na Wakenya, mbio za kupokezana vijiti, alimfikia mwenzake Method akiwa anaongoza, na badala ya kumkabidhi kijiti akakipiga ngumi. Kijiti kikaruka hadi kwenye jiko la nyama choma la Ochieng.

"Bro, umeniletea kuni?" Ochieng akauliza. "Nyinyi Wabongo mko na maneno!"

Jioni hiyo Bupe, binti wa Gwakisa, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alimtazama kwa huruma. "Baba, have you ever won anything?"

Swali la kama amewahi kushinda chochote lilimchoma. Goti lilishachoka, na kabla ya kustaafu mechi iliyobaki ilikuwa moja tu, fainali ya mpira ule wa Kiaustralia. Akaapa kwamba Bupe atamwona akishinda, walau mara hiyo.

Fainali ikafika mwishoni wakiwa nyuma kwa pointi tatu. Mpira ukamwangukia Gwakisa. Akachomoka, akaudundisha kama sheria inavyotaka.

"Baba Bupe, piga! Kwa mguu!" mkewe Edna alipiga kelele. Nahodha alikuwa amepiga magoti. Gwakisa aliwasikia wote, tena alikubaliana nao kabisa. Kisha milingoti ikatokea mbele yake.

Kifua mbele. Pointi moja. King'ora kikalia, wamefungwa kwa pointi mbili.

Alilala kifudifudi nyasini, aibu imemjaa, hataki kuona mtu. Bupe akaja mbio, akamrukia mgongoni.

"Baba, umekuwa wa kwanza!" alisema, kwa Kiswahili. "Umewaacha wote!"

Gwakisa akainua kichwa, akatazama nyuma. Kweli, hakukuwa na mtu karibu. Nahodha alikuja amefura, akafungua kinywa kueleza sheria. Edna akamkata jicho, naye akakifunga.