Pluto na Kinyesi cha Ng'ombe

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji hunikasirisha mpaka leo. Juzi mjukuu wangu alikuwa anafagia uwanja wetu hapa mtaani Kator huku akikariri masomo ya mtihani: sayari ni nane. Nikamwambia, mimi niliishia darasa la tatu, lakini nilifundishwa tisa.

"Haboba," akaniita bibi yake, "Pluto waliitoa. Wataalamu walikaa, wakabishana, wakapiga kura. Ni ya mviringo, inazunguka jua, sawa, lakini haijasafisha njia yake."

Haijasafisha njia yake. Nikamsikia shangazi yangu, aliyekufa zamani.

Tulikuwa wakimbizi Uganda, nami nililelewa kwake kwa sababu mama alifia njiani. Kila msichana alikuwa na kipande chake cha uwanja. Binti zake wanne walifagia mlangoni na kando ya jiko. Changu kilikuwa pale ng'ombe wa jirani walipopita kwenda mtoni. Nikimaliza tu kufagia, hao, wananiachia mizigo yao ya moto. Kisha shangazi anatoka kukagua, mikono kiunoni.

"Hujasafisha njia yako. Asiyefagia hali na wenzake."

Basi nilikula posho, ugali wa huko, ukiwa baridi, nyuma ya jiko, peke yangu, nikiwasikia wao kwenye sinia wakilamba vidole. Msinionee huruma. Nilikuwa nawalaani.

Siku moja niliamka kabla ya Keji, binti yake mkubwa, nikafagia kipande chake cha mlangoni. Ungemwaga unga pale ukauzoa ukaupika. Keji akabaki na changu, na ng'ombe hawakuniangusha.

Shangazi akakitazama kile kinyesi. "Leo ng'ombe wa watu wametukosea adabu," akasema. Keji akaketi kwenye sinia. Nami nikasogea.

Shangazi akanizuia: "Wewe, nani alikutuma mlangoni pangu? Rudi kwako."

Nilikuwa mtoto, nikadhani nimefagia vibaya. Miaka mingi nimefagia kwa hasira, fagio baada ya fagio likiisha mkononi. Ni uzee ulionifungua macho: shangazi alihesabu kwanza watu wa sinia, sheria akaitafuta baadaye. Hao wataalamu siwajui kwa sura. Tabia yao naijua.

Nikamwambia mjukuu wangu: kwenye mtihani andika nane, upite. Lakini hapa kwangu Pluto anakula.